Namna ya kuombana, kudaiana na kushukuriana

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya komite katika mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika na kwa wafadhili wetu walio mbali.)



Barua ya mwaliko ilisema tutazungumza juu ya adabu ndani ya shirika. Wengine walipoisoma walicheka. "Adabu? Sisi tuko batoto?" Wengine walidhani tutafundisha namna ya kushika uma na kisu kwenye meza ya hoteli. Hapana. Chakula chetu ni bugali, na mkono ulionawa unatosha.

Sababu ni nyingine. Tulipewa kazi ya kutembelea wanachama ambao hawaonekani tena kwenye vikao. Tulitazamia kusikia habari za ugonjwa, njaa, shamba lililoliwa na ng'ombe. Tulizisikia kweli. Lakini mara nyingi, baada ya kukaa na kunywa maji, neno lililotoka lilikuwa lingine: "Miye sikukatala kulipa. Lakini vile banilisemesha mbele ya batu, sitarudia." Mtu anaacha shirika lililomsaidia kumzika mama yake kwa sababu ya sentensi moja. Hilo ndilo lililotuleta hapa mbele yenu.

Tuanzie kwenye salamu, maana hapo njo tunapoumizana bila hata kujua.

Wengi wetu tulikimbia wakati wa vita vya 1996 na vya 1998. Tukakaa Nyarugusu, tukakaa Lugufu, mkoa wa Kigoma, wengine miaka kumi, wengine zaidi. Kuanzia 2005 tukaanza kurudi kwa meli za HCR toka Kigoma mpaka Baraka. Tulirudi na mabati, na vikombe, na watoto waliozaliwa kule. Watoto wale walirudi na salamu yao pia. Mtoto wa Lugufu alifundishwa kwamba mkubwa anaamkiwa "shikamoo", na mkubwa anaitika "marahaba". Sasa anafika huku, anamkuta mzee chini ya mwembe, anamwambia "shikamoo". Mzee anamwangalia, anajibu "jambo", halafu anamgeukia jirani: "Huyu ni Mtanzania." Mtoto anaona amekataliwa na nchi yake. Upande mwingine, kijana aliyebaki huku miaka yote anaingia kwa mama aliyerudi, ananyosha mkono: "Mama, jambo!" Mama anaona ni jeuri. Mtoto gani anamtangulizia mkubwa mkono?

Wote wawili walikuwa na adabu. Kila mmoja alileta ile aliyolelewa nayo. Mzee aliyebaki hatumlazimishi kuitika marahaba. Aseme "jambo, mwanangu", lakini asicheke. Na mama aliyerudi aupokee ule mkono. Kuna alama moja ambayo pande zote mbili zinaijua: ukimpa mkubwa mkono wa kuume, mkono wa kushoto unashika chini ya kiwiko. Hapo hata lugha ikikosekana, heshima inaonekana. Na mtu akikusalimu kwa kuweka mkono kifuani, usiseme anaringa. Mwaka 2019 Ebola iliingia katika jimbo letu, mwaka uliofuata ikaja corona, na watu walifundishwa kutoshikana. Wengine hawajarudia bado. Mwachieni.

Kwa majina tuseme kidogo. Kule kambini tuliitwa kwa namba ya karatasi ya posho. (Na kwa lugha ya huku, posho ni jina la siku ya sita, kwa sababu wafanyakazi wa zamani walipewa posho yao siku hiyo. Neno moja, na kila mtu analisikia tofauti.) Anayesoma orodha wakati wa kugawa vifaa asiite watu kama anahesabu magunia. "Mama wa fulani", "Papa fulani", "Mzee fulani": inachukua pumzi moja zaidi. Mtu ambaye amewahi kuwa namba anaisikia ile pumzi.

Kuchelewa nako. Ukifika kikao kimeanza, usizunguke kushika mkono wa kila mtu mpaka wa mwisho, kama ulivyozoea kufanya nyumbani. Inua mkono kwa wote, kaa karibu na mlango. Utawasalimu wakati wa kutoka.

Sasa tuje kwenye feza. Hapa tutakaa.

Ninyi wote mnalijua sanduku: kufuli tatu, funguo tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na mtu wa nne analitunza. Mtindo huu haukuanza kwetu. Ulianza Niger mwaka 1991, kwa wamama wa vijijini waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE, halafu ukatembea Afrika nzima. Huku kwetu vikundi hivyo vinaitwa AVEC. Nguvu yake ni kwamba kila kitu kinafanyika machoni pa wote. Feza zinahesabiwa kwa sauti. Kila mtu anakumbuka kichwani kiasi kilichobaki, hata asiyejua kusoma. Hakuna mtu anayeenda na kaye nyumbani na kurudi na hesabu mpya. Tunapenda vile, na hakuna anayetaka kuugusa.

Lakini feza kuwa wazi haina maana kwamba maisha ya mtu nayo yawe wazi. Kiasi kilichokopeshwa, kiasi ambacho hakijarudi, faini zilizoingia: hayo yasemwe mpaka wapita njia wasikie. Hata jina la mwenye kuchelewa litajulikana, kwa kuwa mkopo unalipwa mbele ya kikao, hatusemi lifichwe. Tunasema juu ya yale yanayofuata. Kwamba mume ameenda machimboni na hatumi kitu. Kwamba mtoto amelala hospitali. Kwamba ndakala zimenyeshewa na kuoza. Hayo si ya kikao, na kabisa si ya barabara.

Tulimtembelea mama mmoja muuza ndakala. Soko lake hatulitaji. Mwenzake wa kikundi alimfuata siku ya soko, saa ambayo wateja ni wengi, akasimama mbele ya meza yake na kusema: "Unauza, unapata, na feza yetu?" Wateja wawili waliokuwa wanapima ndakala waliziacha pale. Mvuvi anayempa mzigo kwa kuaminiana alikuwa karibu, akasikia, na tangu siku hiyo hampi kitu bila feza mkononi. Angalieni hesabu hiyo. Aliyedai alitaka deni lilipwe, na kwa maneno matano akaukata mkono ambao ungelilipa. Mpaka leo deni liko, na mama hayuko kikaoni.

Papa mmoja alituuliza swali zuri wakati wa kutayarisha mkutano huu: "Mukiondoa haya, nani atalipa?" Swali lake si la kutupwa. Haya inalipisha, ni kweli. Inalipisha mara moja. Mtu anauza sufuria, anauza mbuzi wa mtoto, analipa, halafu haji tena, na dada yake haji, na shemeji yake anaambiwa asijiunge. Sanduku lilipata deni moja na kupoteza michango ya nyumba tatu. Anayejua hesabu ataona kwamba tulipata hasara.

Wazee wetu walikuwa na njia yao. Hawakwenda kudai wenyewe, walimtuma mjumbe. Tunashauri turudi huko. Waende watu wawili, ikiwezekana mama na papa, au wamama wawili kama mdeni ni mama aliye peke yake. Wasiende saa ya chakula, wala siku ya soko. Wapige odi, wangojee karibu. Wakute wageni au wakwe, basi waseme tu "tulipita kuwasalimu" na warudi siku nyingine, safari haikupotea. Wakikaa, waulizie nyumba kwanza, watoto, shamba. Halafu waombe kutoka kidogo uani. Na neno lenyewe liwe hivi: "Mama, tumekuja kwa ile habari yetu ya kikao. Unatuambia nini?" Lisikilizeni vizuri. "Utalipa lini?" ni swali ambalo jibu lake ni tarehe, na mtu akiwa hana tarehe atasema uongo. "Unatuambia nini?" linamwachia nafasi ya kusema ukweli. Tumeona watu waliokuwa wamejificha wakisema wenyewe: nina nusu, nusu nyingine baada ya mavuno ya muhogo. Wajumbe wanarudi kikaoni na maneno mawili tu: tumeonana, amesema hivi. Basi.

Mwenye deni naye ana adabu yake, msifikiri tumemsahau. Aje kabla ya siku, asingoje kufuatwa. Asimtume mtoto kusema "mama hayuko" huku viatu vyake viko mlangoni. Mtoto anajifunza uongo na wageni wanaviona viatu. Asizime simu. Akisimama kikaoni aseme kiasi alicho nacho, asianze na hadithi ya mtu mwingine ambaye hakulipa. Na kama deni lako lina miezi, kile kitenge kipya cha arusi kingoje kidogo. Watu wana macho.

Halafu ulipaji wenyewe. Kila mtu anajua kwamba noti ya dola yenye mpasuko hata wa ukucha haipokelewi hapa kwetu. Kumlipa mwenzako kwa noti kama hiyo, umeikunja katikati ya nzuri, ni tusi. Ukituma kwa M-Pesa au Airtel Money, ongeza ile ya kutolea. Ukimwachia mdai gharama hiyo, hujamaliza deni. Na ukipokea, jibu. Neno "nimeona, aksanti" linatosha. Kuna ndugu anayetuma toka mbali, anakaa siku tatu hajui kama zilifika au zilienda kwa mtu mwingine, anaona aibu kuuliza. Mwaka unaofuata hatumi, na sisi tunasema amebadilika.

Simu imetuletea mambo ambayo bibi zetu hawakutuachia mfano. Kubipu, kwa mfano. Kijana kumbipu mzee ili mzee ndiye apige kwa unite zake, hapana. Mama kumbipu mtoto wake aliye na kazi, sawa, huo ni mzaha wa nyumbani na mtoto anajua. Kuna pia suala la saa. Kigoma wametutangulia saa moja: ukimpigia ndugu aliyebaki Nyarugusu saa tatu za usiku, kwake ni saa nne na watoto wamelala. Marekani ni mbali zaidi. Wakati tunakunywa chai saa mbili za asubuhi, upande wa mashariki wa nchi ile ni saa saba au saa nane za usiku, kulingana na majira. Tunampigia mtu usiku wa manane kumwambia tunaomba minervali. Anaruka kitandani akidhani mama yake amekufa. Hata akituma ile feza, imetoka na hasira.

Kuomba kwenyewe tuseme wazi, kwa maana kuna malalamiko kutoka pande zote. Anayeomba aseme jambo zima mara moja: ni kiasi gani, cha nini, na kama ni mkopo au ni zawadi. Ujumbe unaosema "jambo kaka" halafu kimya, kesho tena "jambo kaka", unamchosha mtu. Tayari anajua kuna kitu nyuma ya jambo hilo. Na anayeombwa, kama hana, aseme hana. Ukisema "nitaangalia" huku unajua hutaangalia, umemzuia mwenzako asiende kwa mwingine. Wengi wetu tuliokaa kambini tulijifunza kusubiri orodha ya pili, orodha ya tatu. Tusifanyiane vile sisi kwa sisi.

Kwenye grupu la WhatsApp tunaomba jambo moja kwa nguvu: orodha ya wenye madeni isiwekwe kule kamwe. Ndani ya grupu kuna wakwe, kuna watoto, kuna walio Nyarugusu, kuna walio Marekani na Kanada. Kikao kinaisha watu wakitawanyika. Grupu haliishi. Picha ya orodha inatembea mpaka kwa watu ambao hawajui hata sanduku ni nini, na mwaka kesho bado iko, hata kama deni lililipwa siku ya pili yake. Mambo mengine ya grupu ni madogo: sauti za dakika tano zinamaliza unite za wenzako, video za mahubiri zina mahali pake, salamu ya asubuhi si lazima iwe na picha ya maua kila siku.

Lakini la kifo si dogo. Tuko katika nchi ya vita, na habari mbaya zinakimbia. Imetokea mtu anafungua simu yake sokoni na kuona picha ya kaka yake amelala barabarani, imetumwa na mtu asiyemjua, na chini yake watu arobaini wameandika "pole". Mama wa marehemu bado hajaambiwa. Tunawaomba kama mnavyoombwa na wafiwa wenyewe: picha ya maiti au ya majeruhi isitumwe, kwa sababu yoyote. Jina lisitajwe mpaka jamaa waseme wamepashana. Habari ya kifo inapelekwa na mdomo wa mtu, na kwa aliye mbali inapelekwa kwa kupiga simu. Uliza kwanza: "Uko wapi? Uko na nani?" Kama anaendesha gari au yuko kazini peke yake, zungumza kingine, umtafute mtu wa karibu naye akafike kwake. Na habari ya mashambulizi usiyoiona kwa macho yako, usiisukume mbele. Kuna watu walioacha nyumba zao usiku na watoto mgongoni kwa sababu ya ujumbe wa uongo.

Tukiwa kwenye kilio, tuseme na kaye ya kilio. Desturi ni kuandika kila mchango, na siku ya kuondoa matanga kaye inasomwa: fulani, kiasi fulani. Tunajua faida yake. Wafiwa wanajua nani wa kumrudishia siku yake ikifika. Lakini kusoma kiasi kwa sauti kunamfanya mwenye kidogo asije kabisa. Tulimkuta mzee mmoja ambaye hakwenda kwenye kilio cha rafiki yake wa ujana, waliovuka ziwa pamoja, kwa kuwa mkononi alikuwa na faranga ambazo, alisema, "zingesomwa nami ningesikia". Kaye ibaki, iandike kila kitu, ikabidhiwe kwa familia. Mbele ya watu yasomwe majina peke yake. Na tunaomba mwandishi wa kaye asiandike feza tu. Aliyeleta kuni, andika kuni. Aliyeteka maji siku tatu, andika maji siku tatu. Aliyelala kilio usiku zote na kuimba, andika hivyo. Familia itasoma na itajua.

Kuna deni lingine tunalodaiana huku, nalo ni la udongo. Wengi waliorudi walikuta mtu kwenye kiwanja chao, amejenga, amezaa watoto pale. Shirika letu si tribunali, hatutaamua mambo ya watu. Tunachoweza kusema ni juu ya siku ile ya kwanza, unapofika. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na wengi wetu hatuna karatasi hata moja. Kinachobaki ni ushuhuda wa majirani na wazee. Sasa jirani anayekuona umekuja na polisi siku ya kwanza, ukihesabu miembe kwa sauti ya juu, "huu wangu, na ule wangu", huyo hatakuwa shahidi wako. Nenda na mtu anayewajua ninyi wawili. Piga odi, ijapokuwa roho inauma kupiga odi kwenye uwanja ulipozaliwa. Mwache mwenzako aseme mpaka amalize. Huenda naye alifukuzwa kijiji kingine. Papa mmoja alianza kwa kumshukuru aliyekaa pale kwa sababu mwembe wa baba yake haukukatwa. Mazungumzo yalichukua muda mrefu sana, na mpaka sasa hayajaisha yote, lakini watu wale wanakunywa maji pamoja.

Sasa neno kwa wafadhili wetu. Mtatusamehe tukilisema mbele ya wote. Tunaona ni heshima kuwaambia kuliko kuwasema nyuma.

Mnapotuma msaada mnaomba picha, na tunaelewa kwa nini: nanyi mna watu wanaowauliza. Lakini picha ya mama ameshika sabuni mbili na kutazama chini, hiyo inabaki miaka. Mtoto wake ataiona siku moja. Tunapenda kuwatumia picha ya darasa watu wakiwa kazini, ya kisima kikitoa maji, ya kaye yenye sahihi na vidole gumba. Ya mtu, itachukuliwa akikubali, akijua inaenda wapi, akiwa amevaa anavyotaka. Na akikataa, atapata msaada wake vilevile. Siku ya kilio hatupigi picha.

Mkija kututembelea, tuambieni mapema. Si kwa ajili ya kusafisha. Ni ili watu wasiache mashamba wakiwangojea bure. Shukeni garini, zimeni moto wa gari, kaeni hata dakika kumi kabla ya kufungua makaratasi. Chakula kikiletwa, onjeni. Kama tumbo lenu haliwezi, kipande kimoja cha bugali kinatosha, hakuna atakayewapima. Na mkipewa kuku, tunajua sheria zenu zinawakataza zawadi. Msimkatae mbele ya mama aliyemfuga. Mpokeeni kwa mikono miwili, shukuruni, halafu mwambieni mwenyeji: "Nitunzie huyu, akizaa vifaranga viwe vya watoto wa hapa." Sheria yenu haijavunjika na mama ameheshimika. Msiahidi kitu siku hiyo. Mzungu anaposema "tutaona", kwetu inasikika "itakuja", na mwenyekiti ndiye atakayeulizwa mwaka mzima.

Na sisi kwao: tujibu barua. Risiti iandikwe siku ileile. Kama feza za mbegu zilinunua dawa kwa sababu kipindupindu kilitangulia, waambiwe mapema na sisi wenyewe, wasije kulisoma mwishoni mwa mwaka. Kushukuru hakuhitaji maneno mengi ya kujishusha. Tumeona barua za vikundi vingine zinazoanza "sisi masikini wenu". Hakuna masikini wa mtu hapa. Semeni: tulipokea kiasi hiki, tulifanya hiki, kimebaki hiki, aksanti.

Kwa biro za serikali tutapita haraka. Lugha ya kazi ni Kifaransa, barua iandikwe kwa Kifaransa, lakini Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba ya 2006, kwa hiyo usiogope kujieleza kwa mdomo. Peleka nakala mbili, moja ipigwe kashe kwamba imepokelewa, uitunze. Msalimu mlinzi wa mlangoni kama unavyomsalimu shefu wa biro. Wengi hawafanyi hivyo, na halafu wanashangaa kuambiwa kila siku kwamba shefu ametoka.

Komite imeandika mapendekezo mawili ya kuingiza katika kanuni zetu za ndani: orodha ya madeni isitoke nje ya kikao, na kaye ya kilio isomwe majina bila kiasi. La kwanza lina watu wanaolipinga, tunawajua, na tumewaomba waseme hapa mbele ya wote. Tutapiga kura kwa kuinua mikono baada ya chakula. Wanachama wanne kati ya wale tuliowatembelea wamekuja leo. Wako upande wa kushoto, msiwaulize kitu, wasalimieni tu. Bugali iko tayari, maji ya kunawa yako mlangoni. Wazee watangulie.